Fungua semi, funga semi: tundu dogo kwenye sevisi ya Windows

Mambo vipi wadau, karibuni tena hapa Mtwara mjini. Leo siuzi SSD. Zipo, mzigo mpya umeingia juzi, lakini leo tunaziba tundu moja nililolikuta kwenye kompyuta ya kaunta niliyoletewa jana, na wengi wenu mnalo dukani kwenu na hamjui.

Dogo, sogeza simu. Karibu zaidi. Hapo. Hiyo sahani msiitazame, ni ming'oko, fundi naye anakula.

Mashine hii ina programu ya mauzo, na programu ina sevisi, yaani kile kipande kinachofanya kazi kimyakimya. Ukiwasha tu kompyuta nacho kinaamka, hata kabla mtu hajaingiza nywila. Sasa tazama njia yake ilivyoandikwa:

D:\Mfumo wa Mauzo\Huduma Kuu\huduma.exe -anza

Umeona? Mimi mara ya kwanza sikuona kitu. Hakuna fungua semi, hakuna funga semi. Njia ina nafasi kati ya maneno, na Windows haijui jina la faili linaishia wapi. Basi inabahatisha kuanzia kushoto. Kuna D:\Mfumo.exe? Hakuna. Kuna D:\Mfumo wa.exe? Hakuna. Kuna D:\Mfumo wa Mauzo\Huduma.exe? Hakuna. Ndipo inafika kwenye faili lenyewe. Ni sawa na kumtuma mtoto kwa mama muuza maandazi, akawa anasimama kwa kila mama njiani. Ole wako mama wa kwanza awe mwizi, hela imekwenda.

Mwizi wetu ni faili. Mtu akiweka faili lake pale D akaliita Mfumo.exe, Windows italiwasha hilo. Na sevisi hii inaendeshwa kwa jina la LocalSystem, ambalo kwenye kompyuta lina nguvu kuliko hata akaunti yako ya admini. Kasoro hii si ngeni. Kwenye orodha ya udhaifu wa programu inayotunzwa na MITRE ya Marekani ni CWE-428.

Mtaniambia, kijana wa kaunta hana ruhusa ya kuzima na kuwasha sevisi. Kweli hana. Lakini hahitaji ruhusa mtu anayeweza kusubiri umeme ukatike. Ukirudi, kompyuta inawaka, sevisi inaamka, na faili lake linaamka nayo.

Halafu angalia, diski ni D, siyo C. Pale juu kabisa kwenye C, Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuweka faili. Hii D tunayoigawa sisi mafundi tukipiga Windows ndiyo imeachwa wazi, kila aliyeingia anaandika. Ndiyo, nimesema sisi mafundi. Nimo.

Haya kazi. Fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, kama admini, hilo mnajua, naruka. Andika hii kwa mstari mmoja:

Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object { $_.PathName -match ' ' -and $_.PathName -notmatch '^"' -and $_.PathName -notmatch 'C:\\Windows' } | Select-Object Name,PathName,StartName

Inatoa sevisi ambazo njia zake zina nafasi na hazikuanza na fungua semi, nje ya zile za Windows yenyewe. Ukikuta nafasi ipo baada ya .exe tu, achana nayo, hiyo si kesi. Hapa imetoka moja, HudumaMauzo. Tuipekue:

sc qc HudumaMauzo

Mbona kimya? Ngoja nirudie. Kimya. Dogo, usizime. Jina nimekosea? Hapana, jina ni... aaah! Nimeandika sc. Ndani ya PowerShell inayokuja na Windows, sc ni kifupi cha amri ya kuandika faili. Hapa sijaipekua sevisi yoyote, nimetengeneza faili linaloitwa qc, tena ndani ya System32, folda ya Windows yenyewe. Dogo anacheka. Kipande hiki sikikati, kibaki. Weka .exe:

sc.exe qc HudumaMauzo

Hii hapa. BINARY_PATH_NAME, njia tupu bila semi. SERVICE_START_NAME, LocalSystem. Mgonjwa wetu ni huyu.

Sasa fungua regedit, daftari la mipangilio ya Windows, ushuke HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, mpaka HudumaMauzo. Kabla hujagusa chochote, bofya kulia, Export, hifadhi kwenye flashi. Usiniambie "fundi nina haraka". Export kwanza.

Bofya mara mbili ImagePath, ndipo njia ya sevisi ilipoandikwa. Hapa nataka kila mtu aache anachofanya. Semi ya kufungua inakaa kabla ya D. Semi ya kufunga inakaa baada ya .exe. Haikai mwisho wa mstari! Hilo neno -anza ni maelekezo kwa programu, linabaki nje. Iwe hivi:

"D:\Mfumo wa Mauzo\Huduma Kuu\huduma.exe" -anza

Narudia kwa sababu limenitoa jasho. Kuna msimu mmoja wa korosho, Oktoba, minada ndiyo imeanza, nilikuwa Tandahimba kwa mteja. Nikajiona bingwa, nikafunga semi mwisho kabisa, baada ya neno la mwisho. Windows ikaanza kutafuta faili ambalo jina lake ni mstari mzima. Kosa namba 2, faili halipatikani. Mauzo yamesimama, watu wamejaa kaunta, mama mwenye duka ananitazama bila kusema neno, na bekapu sikuchukua. Angenitukana ningepona. Kwa hiyo: funga baada ya .exe. Baada ya .exe, jamani.

Na usinakili semi kutoka WhatsApp wala Word. Zile mara nyingi zinakuja zimepinda, zinapendeza kwenye barua, lakini kwa Windows si semi. Ziandike kwa kidole chako, hapo hapo ndani ya regedit, zisimame wima. Nimeona mtu amehangaika saa nzima kwa ajili ya semi zilizopinda. Mtu huyo hayupo kwenye video hii, anaishika kamera. Dogo, si kweli?

OK. Tuiwashe upya:

Restart-Service HudumaMauzo

Haijalalamika. Ikikulalamikia, rudi uangalie semi ya kufunga imekaa wapi. Nakuhakikishia ndiyo hiyo.

Wengi wanaishia hapa, na kazi bado. Semi zimemzuia mtu kupenyeza faili jipya njiani, lakini kama folda yenyewe iko wazi atalibadilisha huduma.exe lenyewe. Pima ruhusa zake:

icacls "D:\Mfumo wa Mauzo"

Unaona Authenticated Users, yaani kila aliyeingia kwenye kompyuta, na herufi M pembeni? M maana yake anaweza kubadilisha na kufuta. Tunamwondoa:

icacls "D:\Mfumo wa Mauzo" /inheritance:d
icacls "D:\Mfumo wa Mauzo" /remove:g "Authenticated Users"

Ule mstari wa kwanza unakata urithi wa ruhusa kutoka D huku ukibakiza nakala, ndipo wa pili upate cha kufuta. Ukiuruka, wa pili utapita kimya na M itabaki palepale.

Tahadhari: programu nyingine zinahifadhi kumbukumbu za mauzo ndani ya folda hiyohiyo. Kwa hiyo ingia kwa akaunti ya kaunta, uza kitu cha kujaribu, toa risiti. Ikigoma kuhifadhi, rudisha ruhusa kwenye folda ndogo ya kumbukumbu peke yake. Usiirudishe folda nzima ukaniharibia kazi. Mimi nauza... kilo moja ya sukari. Risiti imetoka. Safi.

Fanya hivi kwenye mashine yako au uliyokabidhiwa na mwenyewe. Ya jirani iache, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na inafanya kazi. Na programu ikipokea toleo jipya, pitisha tena ile amri ndefu, maana kisakinishi kinaweza kuirudisha njia bila semi.

Naipitisha mwenyewe sasa. Tupu, hakuna hata moja. Yuko mama mlangoni anataka picha za pasipoti, shikamoo mama, nakuja. Dogo, bado. Lile faili langu la qc liko System32:

Remove-Item C:\Windows\System32\qc

Soma mstari mpaka mwisho kabla ya kubonyeza Enter, uone qc ipo. Ipo? Bonyeza.