Stata Inalia, Lori Haliwaki

Hamjambo wenzangu. Mafundi, madereva, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vipo. Nimeombwa nizungumze juu ya lori la dizeli linalosumbua kuwaka, hasa asubuhi. Nitaanza na gari moja nililolishika mwenyewe.

Lilikuwa lori la viazi. Linapakia Molo, linashusha Kibuye, Kisumu. Mwenyewe aliniambia, "Mzee, Kisumu gari hii unaigusa tu inawaka. Molo alfajiri, stata inalia mpaka betri zinachoka." Kila fundi aliyeliona alisema ni baridi, na baridi ya Molo mnaijua. Wakabadilisha betri zote mbili, stata ikafunguliwa, nozeli zikapelekwa kupimwa. Pesa ikaenda. Asubuhi iliyofuata lori likakaa vile vile.

Mimi nilipofika sikushika spana. Nilimwambia dereva apige stata, nikaenda nyuma kutazama ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, ujue mafuta yanafika kwenye silinda ila hayashiki moto. Hapo ndipo uzungumzie baridi, plagi za kupasha joto, kompresheni, au stata inayozungusha injini polepole. Dizeli haina cheche. Ni hewa iliyokandamizwa ndiyo inayopata moto wa kuwasha mafuta, na injini ikizunguka polepole moto huo unapotelea kwenye kuta za silinda. Lakini ekzosi ile haikutoa moshi hata kidogo. Mafuta hayakuwa yakifika. Baridi ilikuwa inasingiziwa.

Lori hilo lina pampu ya umeme karibu na tangi, inayosukuma mafuta hadi pampu kubwa ya injini. Nikauliza kama ilipimwa. Fundi mmoja kijana akanijibu, "Nilichomoa soketi nikapima, mzee. Volti 24 na pointi ziko." Hakusema uongo, na shida ilikuwa hapo hapo.

Ukichomoa soketi, hakuna mkondo unaopita. Waya uliobaki uzi mmoja, au teminali iliyoliwa na kutu, itakuonyesha volti zote. Ni kama paipu ya maji iliyokanyagwa: mfereji ukiwa umefungwa, presha inajaa hadi mwisho, ufungue ujaze ndoo, yanadondoka tone tone. Volti hupotea pale tu ampea zinapopita. Kwa hiyo pima pampu ikiwa imeunganishwa, inafanya kazi, na mtu anapiga stata.

Tulifanya hivyo. Betri zilikuwa na volti 24.8 kabla, stata ikizunguka, 20.5, na kwa alfajiri ya Molo sina neno na hiyo. Kwenye pampu, 13. Hizo 7.5 zimekwenda wapi? Hapo hakuna kukisia, unazifuata. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, stata inazunguka: 0.6. Mimi hupenda isizidi nusu volti, lakini hiyo haiui gari. Tukahamia upande wa athi, yaani njia ambayo umeme unarudia betri kupitia chasi, hasi ya betri na hasi ya pampu: 6.9. Upande huo ukivuka 0.2 mimi huanza kufungua.

Tukafuata waya wa athi hadi kwenye chasi. Chasi ilikuwa imepakwa rangi upya, inang'aa kama ya arusi, na aliyerudisha waya aliubana juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapenya kwenye meno ya bolti peke yake. Pampu ilikuwa inavuta ampea 3 hivi, basi kizuizi chenyewe kilikuwa omu 2 na kidogo tu. Omu mbili! Zimekula betri mbili na mshahara wa dereva. Tukakwangua rangi, tukabana, tukapaka grisi juu. Mita ikashuka hadi 0.1, pampu ikajaza paipu, lori likawaka.

Kisumu liliwaka kwa nini? Kule lilizimwa saa chache tu, injini bado ina moto na paipu zimejaa. Molo limelala usiku kucha, mafuta yamerudi tangini, na pampu iliyonyimwa umeme haiwezi kuyapandisha. Sikuishia hapo, maana mafuta hayarudi tangini bure: kuna mahali hewa inaingia. Weka kipande cha paipu angavu kabla ya pampu ya injini utazame mapovu. Sisi tulikuta klampu legevu kwenye filta.

Rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoipa pampu umeme, isiwatishe. Miguu yake ina namba: 85 na 86 ni koili inayoivuta, 30 inaleta umeme, 87 inaupeleka kwenye pampu. Ichomoe, uunganishe 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi. Pampu ikinguruma vizuri, ubovu uko kwenye rilei yenyewe au upande wa swichi. Na kama pampu ya injini ina kizimio cha umeme, kile kinachokata mafuta kuzima injini, washa swichi usikilize ule mlio wa "tik". Usipousikia, anza hapo.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu naliona kila wiki hapa Nakuru: kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa. Injini yenye hita au plagi za joto inaweza kukulipukia usoni, au ivunje pistoni. Tena hata likiwaka, hujajua lilikuwa na nini.

Maswali tutayachukua huko nje. Kuna lori chini ya ule mti, nimelitia ubovu jana jioni na sitawaambia wapi. Aliye na mita aje nayo. Na mmoja asimame nyuma atazame ekzosi.