Gari Linapoukataa Ufunguo Wake: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Magari, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi, wazee wangu mliotoka Masasi, Newala na Tandahimba, nanyi vijana mnaojifunza umeme wa magari, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mfumo wa kiwandani wa kuzuia wizi, ule tunaouita imobilaiza, na hasa namna ya kuutafutia ubovu katika magari ambayo umri wake umekwenda. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu mfumo huu unasingiziwa mengi, na kwa sababu nimeona nyaya za magari mazuri zikikatwakatwa na mafundi wenye nia njema ambao hawakulisikiliza kwanza gari lenyewe.

Msimu mmoja wa korosho nililetewa gari dogo la familia, la Kijapani, likiwa limevutwa kwa kamba kutoka upande wa Mingoyo. Stata ilikuwa inapiga vizuri, injini inashika, na kabla hujahesabu mpaka tatu inazima. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua plagi nne, pampu ya mafuta na chujio lake, na alikuwa ameambiwa kwamba kilichobaki ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Sikufungua boneti. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikafungua swichi, nikaitazama ile taa ndogo nyekundu ya usalama kwenye dashibodi, na taa ilikuwa inaendelea kumeta ingawa ufunguo ulikuwa ndani. Nikafungua skrubu za kifuniko cha chini ya usukani na kuchomoa soketi ya ile pete inayozunguka tundu la ufunguo. Pini moja ilikuwa imevaa ukungu wa kijani, na nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi ndogo ule ukijani ulimenyeka kama rangi ya mtumbwi uliokaa sana juani. Nilisafisha kwa brashi laini na dawa ya kusafishia soketi za umeme, nikarudisha, nikafungua swichi: taa ikazimika, injini ikashika na haikuzima tena. Gari lile lilikuwa likilazwa Shangani, hatua chache kutoka baharini, vioo vikiwa wazi wakati wa pepo za kusi.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna jambo ninalotaka tulielewane leo. Mara nyingi imobilaiza inayolizuia gari kuwaka haikuharibika. Inafanya kazi yake barabara kabisa, isipokuwa taarifa inayoifikia ni mbovu au haifiki. Ukiutibu mfumo kana kwamba umekufa, utaua kilichokuwa kizima.

Hebu tuutazame unavyofanya kazi. Ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyokuwa na betri yake. Ukifungua swichi, ile pete ya waya mwembamba inayozunguka tundu la ufunguo hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, katika magari mengi ni kama kilohetsi 125, na mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Chipu hubisha hodi kwa namba yake, imobilaiza huilinganisha namba hiyo na zile ilizozihifadhi, kisha huiambia kontroli boksi kwamba mgeni anajulikana, naye akaribishwe. Hodi isiposikika, au namba isipofanana, kontroli boksi hunyima injini mafuta au moto wa plagi, na katika baadhi ya magari huizuia hata stata isizunguke. Mazungumzo yote haya huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na huwezekana tu chipu ikiwa sentimita chache kutoka kwenye pete. Kwa hiyo anayebadilisha betri ya rimoti akidhani ataiamsha chipu ya ufunguo wa kawaida anapoteza fedha, kwa kuwa betri ile ni ya kufungulia milango.

Mifumo ya mwanzo haikuwa na redio. Mwaka 1986 kampuni ya General Motors iliweka kwenye Corvette ufunguo wenye kipande kidogo cha rezista shingoni, yaani kifaa kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, na gari lilipima ukinzani wake; kulikuwa na thamani 15 tu. Huko kwetu ni nadra kukutana na gari la namna hiyo, lakini ugonjwa wake ni uleule wa pini ya Shangani: mguso ulioliwa au kuchafuka, na gari likasoma kipimo kisicho chake. Chipu za redio zilienea katika miaka ya 1990, na kuanzia Oktoba 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya ya abiria yawe na imobilaiza. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakuwa nayo kabisa, na hili ni muhimu, kwa maana nimekuta mtu akitafuta ubovu wa imobilaiza katika gari ambalo halikuwahi kuwekewa.

Sasa kuhusu taa, ambayo kwangu mimi ni nusu ya kazi nzima. Katika Toyota nyingi taa ya usalama humeta ufunguo ukiwa nje, na huzimika ufunguo unaotambulika unapoingia. Ikiendelea kumeta, ufunguo haujatambulika. Katika Ford zenye mfumo wa chipu, taa huwaka kwa sekunde chache swichi inapofunguliwa kisha huzimika, na panapokuwa na kasoro humeta kwa kasi, halafu baada ya kama dakika moja hutoa namba ya kasoro kwa mimeto unayoweza kuihesabu. Ukiwa na kitabu cha gari hilo, soma ukurasa wa taa hiyo kabla hujashika bisibisi. Taa ikitenda kama inavyotakiwa, na injini inazungushwa na stata bila kushika hata mara moja, acha imobilaiza, nenda ukatazame fyuzi, rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha pampu ya mafuta, na sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ile dalili ya kushika na kuzima ndani ya sekunde moja au mbili, pamoja na taa inayolalamika, ndiyo inayokuelekeza kwenye ufunguo.

Kabla ya yote, pima betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6, na wakati stata inapiga haipaswi kuporomoka chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka sana, kompyuta za gari huzimika na kuwaka upya katikati ya mazungumzo yao, nazo huweza kuandika makosa ya imobilaiza ambayo hayapo. Tazama pia waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa kuwa chumvi ya pwani yetu huula kuanzia ndani ya bati la mwisho, na kwa nje utauona mzima.

Baada ya betri, muombe mwenye gari ufunguo wa pili. Ukiwasha, tatizo liko kwenye ufunguo wa kwanza, na kazi imeisha hapo. Kama wa pili haupo, vua ufunguo kwenye mnyororo wake na uujaribu ukiwa peke yake, kwa sababu chipu mbili zikikaribiana kwenye pete moja hujibu kwa pamoja na hakuna inayosikika. Kagua pia kichwa cha ufunguo. Watu wengi huhamishia ufunguo kwenye ganda jipya zuri la dukani, na ile chipu, ambayo katika aina nyingi ni kipande cheusi kinachoizidi punje ya mchele kwa kiasi kidogo tu, hubaki imegandia ndani ya ganda la zamani lililotupwa. Nawasihi, msimtupie mteja ganda lake la zamani kabla gari halijawaka na lile jipya.

Funguo zikiwa salama, nendeni kwenye pete. Ichomoe soketi, itazame kwa tochi, isafishe, kisha pima waya wa pete kwa mita ukiwa umezima swichi. Kipimo hutofautiana baina ya gari na gari, lakini unachotafuta kwanza ni kujua kama waya umekatika. Mita ikisema njia imekatika kabisa, pete imekufa. Fuata nyaya zake mpaka kwenye boksi ya imobilaiza, ukizigusa kwa vidole, maana usukani unaopandishwa na kushushwa huzichosha mahali pamoja.

Hapa niseme kidogo juu ya alamu za kuongezwa mtaani, kwa kuwa nimezikuta nyuma ya kesi nyingi zilizoletwa kwangu kama ubovu wa mfumo wa kiwandani. Aliyeifunga alikata waya wa swichi, akapitisha rilei ya bei rahisi, akasokota nyaya kwa mkono na kuzungushia tepu nyeusi. Miaka mitano ya joto la Mtwara ikiyeyusha gundi ya tepu ile, kiungo hulegea, na gari huanza kuwaka asubuhi na kukataa adhuhuri. Ukiona ubovu unaokuja na kuondoka, tafuta viungo vya namna hiyo kabla ya kuishuku kompyuta.

Kontroli boksi iwe ya mwisho. Nikiwa kijana niliwahi kutoa boksi kwenye gari lililobomolewa, lenye namba ileile ya kiwanda, nikaifunga kwenye gari la mteja, na gari ambalo awali lilikuwa likikataa mara mojamoja likakataa moja kwa moja, kwa sababu boksi ile ilikuwa bado inamsubiri mgeni wa nyumba yake ya zamani. Boksi, imobilaiza na ufunguo lazima viandikishwe pamoja kwa mashine inayofaa gari hilo. Nilimrudishia mteja boksi yake na fedha yake, na tangu siku hiyo sigusi boksi kabla ya pete.

Anayekuja kwenu akitaka mumpigie dairekti, yaani kuunganisha nyaya moja kwa moja, ili imobilaiza iondoke kabisa, muombeni kadi ya gari na kitambulisho, na hata akiwa mwenyewe mwelezeni kwamba gari lake litabaki bila ulinzi na kwamba fundi atakayelifuata hataelewa ramani ya nyaya zake. Mimi kazi hiyo siifanyi.

Mwisho nawageukia wenye magari. Magari mengi yaliyotumika hufika bandarini yakiwa na ufunguo mmoja. Maadamu ufunguo huo unatambulika, katika magari mengi kuongeza wa pili ni kazi ya mashine isiyo ndefu. Ukipotea nao ndio pekee, itabidi kumbukumbu za imobilaiza au za kontroli boksi ziandikwe upya, na gharama yake ni ya aina nyingine. Tengenezeni wa pili mapema, mkiwa na kadi ya gari mkononi, muujaribu papo hapo mbele ya fundi kwa kuwasha injini na kuiacha inguruma angalau dakika moja, kisha muuweke nyumbani, mbali na mnyororo wa ule wa kwanza.