Alama za vidole kwenye tofali: nyumba ya Rais Madison na watu walioijenga

Hamjambo huko nyumbani, Dar, Mombasa, Bujumbura, nanyi mlioko Muscat mnaotutazama usiku wa manane. Leo tuko Virginia, kaunti ya Orange, kwenye shamba linaloitwa Montpelier. Nyumba mnayoiona nyuma yangu, ile yenye nguzo nne nene mbele, ilikuwa ya James Madison, rais wa 4 wa Marekani, anayeitwa hapa baba wa Katiba. Vijiko vya fedha na viti vya mahameli mtavikuta kwenye video za watu wengine. Sisi tutaanza na tofali.

Tazameni ukuta huu. Matofali yake ni ya kuchoma, yametengenezwa kwa mikono na watu waliokuwa watumwa wa shamba hilihili. Udongo ulichimbwa, ukakanyagwa na maji mpaka ukalainika, ukajazwa kwenye kalibu ya mbao, ukasawazishwa juu kwa ubao, kisha tofali bichi likaangushwa chini likauke. Baada ya siku chache linageuzwa lisimame ubavu ili lisipinde. Hapo ndipo vidole vinapoingia, kwa sababu kwa nje limeanza kukauka lakini ndani bado ni tope. Kazi ya kubeba na kugeuza walipewa sana watoto, maana haidai nguvu kama kukanyaga udongo. Likichomwa, alama inabaki milele. Kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya nyumba hii wameacha matofali ya namna hiyo wazi ili wageni wayaone.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mwashi nyumba kama hii, mwambie mambo mawili. La kwanza, asisafishe ukuta kwa kupuliza mchanga. Tofali la zamani lina ngozi ngumu ya nje iliyotokana na moto, na ndani ni laini kama biskuti. Mchanga unakula ile ngozi, unaondoka na alama za vidole, na tofali linaanza kunywa maji kama sifongo. Uchafu ulozoeleka hutolewa kwa maji ya kawaida yasiyo na kasi kubwa na brashi laini ya nyuzi, si ya waya.

La pili, saruji. Hapa watu wa Mji Mkongwe na Lamu mtaniunga mkono, kwa sababu ugonjwa huu mnaujua vizuri kuliko Wamarekani. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu ukiingia, hutokea kwenye viungo vya kati ya matofali. Ukiziba viungo kwa saruji, maji hukosa njia, hutafuta kupitia kwenye tofali lenyewe. Kwetu chumvi ndiyo inayobomoa jiwe la matumbawe taratibu. Virginia ni barafu: maji yaliyonaswa yanaganda, yanavimba, na uso wa tofali unabanduka vipande. Saruji yenyewe inabaki imara kabisa, ndiyo inavyodanganya watu. Ukiona ukuta ambao viungo vimechomoza na matofali yameliwa ndani, ujue mtu alitia saruji.

Ukarabati sahihi wa viungo ni kazi ya uvumilivu. Unakwangua kiungo kwa tindo nyembamba na nyundo, kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wake. Grenda inakata kingo za tofali na haziungiki tena, kwa hiyo mkono ni bora. Unasafisha vumbi, unalowesha, maana tofali kavu hunyonya maji ya chokaa na kuiacha unga. Kisha unajaza kwa tabaka nyembamba, kama milimita 6 kila mara, unangoja ya kwanza ishike ndipo uongeze. Mchanganyiko wa kawaida wa kuanzia ni chokaa 1 kwa mchanga 3, lakini kwanza uchunguze ule wa zamani, rangi na ukubwa wa chembe za mchanga wake. Funika kwa magunia mabichi. Chokaa haishiki kwa kukauka, inashika kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na ikipigwa na jua kali au baridi ya kuganda mapema, kazi yote imekwenda bure.

Sasa nyumba yenyewe. Sehemu ya kwanza ilijengwa na baba yake rais miaka ya 1760, Madison akaiongeza mara mbili, mara ya mwisho kati ya 1809 na 1812 akiwa madarakani. Mwaka 1901 ikanunuliwa na tajiri William duPont, familia yake ikaitanua ikafika vyumba 55, ikapigwa lipu juu ya matofali. Shirika la taifa la kuhifadhi mambo ya kale likaipokea mwaka 1984. Halafu, kati ya 2003 na 2008, wakafanya jambo ambalo wahifadhi wengi hulikwepa: walibomoa. Sehemu kubwa iliyoongezwa na duPont iliondolewa ili ibaki nyumba ya Madison, kwa gharama ya takriban dola milioni 25.

Binafsi naona walikuwa na haki, ila kwa sharti moja, kwamba kila ulichobomoa ukiandike kwanza. Ushahidi ulikuwa umejificha ndani ya nyumba: milango ya zamani iliyohamishiwa vyumba vingine, vivuli vya rafu kwenye lipu, matundu ya misumari. Hata panya walisaidia. Kiota kimoja ndani ya ukuta kilitoa kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Madison.

Msumari nao ni kalenda. Ukiokota mmoja, uzungushe vidoleni. Umechongoka pande zote nne na kichwa kina alama za kupigwa nyundo? Ni wa mhunzi, unaelekea kabla ya miaka ya 1790. Umechongoka pande mbili tu? Umekatwa kwa mashine, karne ya 19. Ni wa mviringo kama wa dukani leo? Huo ni wa mwisho wa karne ya 19 na kuendelea. Kumbuka lakini: msumari unakuambia jengo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Haukuambii limejengwa lini, kwa sababu watu walikuwa wanang'oa misumari ya zamani na kuitumia tena.

Misumari hiyohiyo ndiyo iliyosaidia kupata makazi ya watumwa. Wanaakiolojia hupita shambani na mashine za kutambua metali, mraba kwa mraba, wakihesabu. Misumari mingi mahali pamoja, hapo palikuwa na nyumba ya fremu ya mbao yenye sakafu na dari. Misumari michache na majivu, ni kibanda cha magogo chenye sakafu ya udongo, cha wakulima wa mbali na nyumba kubwa. Ukitegemea macho tu, hao wa pili huwaoni kabisa.

Pale kulia, hatua chache kutoka ukutani, ndipo Uwanja wa Kusini. Hapo waliishi waliohudumu ndani ya nyumba. Majengo yalikuwa yametoweka juu ya ardhi, lakini ramani ya bima ya mwaka 1837 iliyachora: nyumba za kuishi, jiko, na vibanda viwili vya kukaushia nyama kwa moshi. Wakachimba, misingi ikalingana na ramani. Kwanza wakasimamisha fremu tupu za mbao, kisha mwaka 2014 bilionea David Rubenstein akatoa dola milioni 10, majengo yakajengwa upya kamili. Mtaona yana sakafu za mbao na madirisha ya vioo. Msidanganyike mkadhani waliishi vizuri. Uwanja huu ulionekana kutoka nyumba ya bwana, kwa hiyo ulipendezeshwa kwa ajili ya macho ya wageni wake.

Kwa miaka kama 140 watu zaidi ya 300 waliishi hapa utumwani. Lugha yetu inawapa jina kwa ukweli mkali kidogo: mtumwa ni anayetumwa, hana yake. Na yule aliyezaliwa ndani ya utumwa, pwani tulimwita mzalia. Paul Jennings alikuwa mzalia wa Montpelier, mwaka 1799. Alikwenda na Madison Ikulu, akawa mtumishi wake wa karibu mpaka rais alipofariki mwaka 1836. Wosia wa Madison haukumwachia huru hata mmoja. Watu wote walirithiwa na mkewe Dolley, naye akawauza kwa awamu, na shamba lenyewe akaliuza mwaka 1844. Jennings alijikomboa kwa mkopo mwaka 1847: seneta Daniel Webster alilipa dola 120, yeye akawa anakatwa dola 8 kila mwezi.

Kuwatafuta wengine ndiyo kazi ngumu kuliko kuchanganya chokaa. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye mali. Majina yao wenyewe yanaanza kuonekana sensa ya 1870. Ili uvuke ukuta huo unarudi kwenye wosia, orodha za mali za marehemu, kodi, na daftari za ndoa zilizoandikishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyomaliza utumwa. Kosa la kawaida ni kudhani jina la ukoo ni la bwana wa mwisho. Wengi walikuwa na majina yao ya familia muda mrefu, ila makarani hawakuyaandika.

Makaburi yao yako msituni, hayana mawe yaliyochongwa. Utayajua kwa mabonde madogo ya urefu wa mtu na mawe meupe yaliyowekwa kichwani. Kwa hiyo hapo usifyeke kwa trekta, usiokote mawe ili pawe safi. Kwenye shamba la George Washington, rais wa kwanza, liitwalo Mount Vernon, wanaondoa udongo wa juu tu mpaka rangi ya shimo la kaburi ionekane, wanapima, wanafunika. Mifupa haiguswi.

Na nani anaamua yote haya? Mwaka 2018 wataalamu na vizazi vya waliofanywa watumwa walikutana hapahapa wakaandika vigezo vya kupima kama jumba la makumbusho linawashirikisha kweli. Mwaka 2021 bodi ya Montpelier ikapiga kura ya kugawana madaraka sawa na kamati ya vizazi hivyo. Machi 2022 ikageuka, ikabadilisha kanuni ili kamati isichague wajumbe wake yenyewe, na wafanyakazi waandamizi waliopinga wakafukuzwa. Makelele yakawa makubwa nchi nzima, na Mei mwaka huohuo wakachaguliwa wajumbe wapya 11 kutoka kwenye orodha ya kamati. Funzo la kiufundi hapo ni dogo lakini zito: ahadi ikae kwenye kanuni za bodi, yaani nani anateua na nani anapiga kura. Ikikaa kwenye hotuba, mkutano mmoja unaifuta.

Mkija, msiondoke bila kuvuka barabara kuu. Kuna nyumba ya magogo aliyoijenga George Gilmore mwaka 1873. Alizaliwa mtumwa wa Montpelier. Akaijenga akiwa huru, lakini ardhi ilikuwa ya ukoo wa Madison bado. Aliinunua mwaka 1901, mwaka uleule duPont aliponunua jumba.