Jenerali wa nyumbu

Asanteni. Naona walionisikia mwaka jana wameanza kutabasamu, wanajua tunaelekea kwa nyumbu. Ndiyo, huko huko.

Ulysses Grant mnamjua, jenerali wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baadaye rais, yuko kwenye noti ya dola 50, kwa hiyo ya utotoni tunayaruka. Twende Mexico, 1846, Marekani inapigana na Mexico. Luteni kijana, ana miaka mitatu tu tangu atoke West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, ana hamu ya kupigana. Wanampa stoo na usafirishaji wa mizigo! Akaandika barua ya kupinga, wakamwambia tulia hapo hapo na mahema yako na nyumbu wako. Na nyumbu ninaowasema ni watoto wa punda na farasi, si wa Serengeti. Kuna mtu aliwahi kuniuliza.

Asubuhi zenyewe amezieleza katika kumbukumbu zake. Unawafunga mmoja mmoja masufuria, nguzo za hema, makasha ya vyombo. Ukifika kwa wa mwisho, wa kwanza kachoka kusimama na mzigo. Anatimka mbio mpaka vyote viko chini. Mwingine analala, anagaagaa. Wa nguzo anapita kwenye mti, nguzo moja huku na nyingine kule, ananasa. Grant anasema hakumbuki kutoa tusi maishani, ila aliyetukana akiwa na nyumbu wa Mexico, yeye yuko tayari kumsamehe.

Chekeni, lakini mimi nasema alisoma pale kuliko West Point, alikomaliza wa 21 kati ya 39.

“Mbona alikuwa mlevi?” Hakosekani wa kuliuliza. Alikunywa, sawa. Aliacha jeshi 1854, akaishia kuuza kuni St. Louis. Sasa niambie, mlevi gani wa kulisha jeshi zima ng'ambo ya Mississippi? Mwaka 1863, katika vita vile vya Kaskazini na Kusini, akielekea Vicksburg, ngome ya Kusini kando ya mto huo, hakungoja mikokoteni ya serikali. Alikusanya ya mashambani, hata magari mazuri ya matajiri, yakajazwa masanduku ya risasi na kuvutwa na nyumbu waliofungwa lijamu za kulimia. Julai 4 mji ukasalimu amri, askari karibu 30,000.

Cold Harbor, vita vya 1864 alikopoteza askari wengi, simtetei. Shambulio lile mwenyewe alilijutia.

City Point, bandari yake ya Virginia, kulikuwa na tanuri la mkate wa watu 100,000 kwa siku... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi urais, kufilisika 1884, saratani ya koo, hayo mtajisomea. Nipeni Appomattox tu, kule jeshi la Kusini liliposalimu amri kwake.

Aprili 9, 1865. Lee, jenerali wa Kusini, ameshakubali masharti. Anasema watu wake wana njaa, siku kadhaa wanakula mahindi makavu ya kukaanga. Grant anauliza: wako wangapi? Kama 25,000. Akaagiza wapewe chakula.

Maswali? La ulevi nimeshalijibu.