Sensa imechomolewa lakini draiva bado inasoma joto: tunarekebisha namba za makosa kwenye draiva ya Linux

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunafungua draiva ya kerneli, yaani kodi ndani ya kiini cha Linux inayoongea na kifaa, na kabla sijagusa kitu angalieni hapa kwenye skrini. Nina sensa ndogo ya joto imekaa kwenye basi ya I2C, yaani nyaya za kuunganisha chipu ndogo, nikisoma faili la temp1_input naona 27000, yaani nyuzi 27, maana hwmon, sehemu ya kerneli ya sensa, inahesabu kwa elfu ya nyuzi. Sasa hivi nachomoa waya, mnaona nimeuchomoa, huu hapa mkononi, nasoma tena... 250000. Nyuzi 250! Sensa haipo na draiva inaniambia chumba kinaungua. Mi hili jambo lilinikalisha nusu siku nzima nikishuku waya, nikabadilisha sensa, nikabadilisha hadi ubao, kumbe tatizo ni laini moja ya kodi.

Kwanza kabisa ingia kwenye folda ya kerneli yako, fungua branchi mpya ya git ili ukiharibu urudi ulipotoka, halafu hakikisha faili lenyewe linakompailika kabla hujaligusa. Huna haja ya kujenga kerneli nzima, andika make halafu njia ya faili ukimalizia na .o badala ya .c, inatosha. Ikigoma hapa rekebisha kwanza, usije ukadhani umeharibu wewe.

Haya, twende kwenye namba. Ndani ya kerneli fanksheni nyingi zinarudisha int, sifuri ikimaanisha mambo yako sawa na hasi ikimaanisha kosa. EIO ni 5, ENXIO ni 6, ENOMEM ni 12, ENODEV ni 19, EINVAL ni 22, zote zimo kwenye errno-base.h na unazirudisha na alama ya kutoa mbele. Baadhi ya fanksheni zinachanganya, zikifaulu zinakupa data yenyewe na zikishindwa zinakupa hasi, na i2c_smbus_read_byte_data, inayosoma baiti moja kutoka kwenye chipu, ni mojawapo. Ikifaulu unapata 0 mpaka 255, ikishindwa unapata kitu kama -6.

Sasa tazama laini hii. Mwandishi wa draiva kaandika u8 val, yaani namba ya biti 8 isiyo na hasi, ikawa sawa na kile kinachorudi kutoka kwenye hiyo fanksheni, halafu chini yake anauliza kama val ni ndogo kuliko sifuri. Jamani u8 haina hasi! Ile -6 ikiingia kwenye biti 8 zisizo na alama inageuka 250, swali la ndogo kuliko sifuri halitakubali hata siku moja, na 250 inapita zake kama joto la kweli. Ndio ile 250000 yetu. Kwako unaweza usione 250, kuna kontrola za I2C zinarudisha -EREMOTEIO ambayo ni -121, hapo utaona 135, kwa hiyo usikariri namba, jua zinatokaje.

Kurekebisha ni kidogo tu: tangaza int ret, weka jibu humo, uliza kama ret ni ndogo kuliko sifuri, kama ndio rudisha ret hiyohiyo, kama sio ndio unazidisha mara 1000. Kagua kwanza halafu ndio ukate namba ibaki biti 8, sio kinyume. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, chipu yangu hii inatoa nyuzi zisizo na hasi ndio maana kosa lilionekana kirahisi, ila chipu nyingi zinatoa joto la hasi pia na watu wanaliweka kwenye s8, biti 8 zinazokubali hasi. Ukikata kwenda s8 kabla ya kukagua, ile -6 ya ENXIO inabaki -6 na mtumiaji anaona joto la nyuzi hasi 6, na sehemu yenye baridi hakuna atakayestuka, kosa litaishi miaka! Na hata ukiweka s8 ukakagua hasi humohumo umeshapotea, maana baridi ya kweli utaiita kosa. Jibu ni lilelile, int kwanza, kagua, ndio unaita sign_extend32 kwa biti ya 7, ile inayobeba alama ya hasi.

Tukimaliza hapo tunapanda juu kwenye probe, fanksheni ambayo kerneli inaita kuandaa kifaa, na hapa ndio kuna uchafu wa kutosha. Draiva inaomba umeme kwa devm_regulator_get, halafu inauliza kama pointa, yaani anwani ya kumbukumbu iliyorudishwa, ni tupu (NULL), ikiwa tupu inarudisha -ENODEV. Makosa mawili kwenye laini mbili. La kwanza, fanksheni hii ikishindwa hairudishi NULL, inarudisha namba ya kosa ikiwa imevaa nguo za pointa, zile anwani 4095 za juu kabisa ambazo hakuna kitu halali kinachokaa huko. Ukiuliza tu kama ni tupu, sio tupu, unaendelea, unaita regulator_enable juu ya anwani ya uongo na kerneli inaanguka. Unatakiwa uulize kwa IS_ERR na namba uitoe kwa PTR_ERR. Sasa usije ukaenda kubadilisha kila mahali, devm_kzalloc yenyewe inarudisha NULL kweli, devm_ioremap nayo NULL, ila devm_ioremap_resource inarudisha pointa ya kosa, majina yanafanana hivyo na tabia tofauti, na mi mpaka leo nafungua kodi ya fanksheni kuangalia mwisho wake kabla ya kuandika, sioni aibu.

La pili ni baya zaidi kwa sababu haliangushi kitu. Tuseme umerekebisha IS_ERR lakini bado unarudisha -ENODEV. Draiva ya umeme ikiwa haijapanda bado, regulator inakurudishia -EPROBE_DEFER, namba 517, maana yake subiri, nitakuita tena. Kerneli ikiona 517 inakuweka foleni na baadaye inajaribu probe upya, lakini wewe umeitupa ukaandika 19, kerneli inaelewa kifaa hakipo, basi, haikuiti tena. Matokeo yake leo ukiwasha mashine sensa ipo, kesho haipo, kutegemea nani kawahi kupanda. Kwa hiyo namba uliyopewa ndiyo unayopandisha juu, usitunge yako.

Na ukitaka kuandika ujumbe kwenye logi, tumia dev_err_probe, ipo tangu toleo 5.9. Unaipa kifaa, namba na maneno, inakurudishia namba ileile kwa hiyo unaandika return mbele yake na mabano yanapungua. Ikiwa ni 517 haipigi kelele za kosa kwenye logi, inaweka sababu tu, ukitaka kuiona soma /sys/kernel/debug/devices_deferred.

Tunashuka. Baada ya kuwasha umeme draiva inasoma kitambulisho cha chipu, kisipolingana inarudi moja kwa moja na umeme unabaki unawaka. Hapa tunaweka goto kwenda err_disable mwishoni mwa fanksheni, huko tunazima umeme ndio turudishe ret. Mtego uliopo: usomaji umefaulu, kitambulisho ndio hakilingani, kwa hiyo ret haina kosa ndani yake. Ukiruka na goto bila kuandika ret ni -ENODEV, probe inarudi bila namba ya kosa, na ret ikiwa sifuri kerneli inadhani imefaulu wakati umeme umeshazimwa. Hapa ENODEV ni halali kabisa, maana wewe ndiye uliyegundua kosa, hukupewa na mtu. Kama kerneli yako ina devm_regulator_get_enable unaweza kuachana na goto yote, ila kumbuka kufuta na regulator_disable kwenye remove, fanksheni ya kuondoa kifaa, la sivyo unazima mara mbili.

Haraka haraka kuna hii ya wait_for_completion_timeout, inayosubiri kazi iishe ndani ya muda fulani, mwandishi kauliza kama jibu ni hasi. Haiwi hasi kamwe, ni unsigned long, ikirudi sifuri muda umeisha, kwa hiyo ikiwa sifuri rudisha -ETIMEDOUT. Vitu kama hivi smatch, programu ya kukagua kodi, inavikamata yenyewe, ukiwa nayo ipitishe kwenye faili lako.

Kompaili, pakia moduli, tujaribu. Nasoma, 27000. Nachomoa waya, nasoma... cat imegoma, inasema hakuna kifaa au anwani kama hiyo. Hicho ndicho tulichotaka! Kujaribu probe huna haja ya kuwasha mashine upya, andika jina la kifaa, langu ni 1-0048, kwenye faili la unbind ndani ya folda ya draiva yako kwenye sysfs (ile /sys), kisha kwenye bind. Fanya hivyo sensa ikiwa imechomolewa pia, halafu cheki dmesg, logi ya kerneli.

Ukitaka kutuma marekebisho kwa wasimamizi wa kerneli, kila kosa liwe na komiti yake, usifunge yote kwenye pachi moja maana wengine watataka kurudisha moja tu kwenye matoleo ya zamani. Weka laini ya Fixes na herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta kosa, weka Signed-off-by yako, pitisha checkpatch.pl inayokagua mtindo wa pachi, halafu get_maintainer.pl itakwambia umtumie nani.

Ah, na kitu kimoja nilitaka kusahau. Pitia skripti zako zinazosoma hilo faili. Mi kwenye yangu nilikuta laini niliyoandika mwenyewe zamani, ikiwa ni 250000 puuza. Nimeifuta sasa hivi kabla sijawasha kamera.