Mama aliniuliza, "GS tena?"

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za jioni jamani. Nimepewa dakika kumi niongelee komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili vya huku Marekani, na pilau nalisikia linavyonukia, kwa hiyo ntaenda mbio.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani mama alipiga simu akauliza unasoma nini huko, nikamwambia General Studies. Kimya. Afu akasema, "GS tena? Si ulishaisoma form six?" Naona mliosoma A-level Tanzania mnacheka, manake GS, yaani General Studies, ndo lile somo la pembeni ya kombi, yale masomo matatu makuu, mtu anakuwa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) au PCB (fizikia, kemia, baiolojia), hakuna anayeaga kwao kwamba anaenda kusoma GS. Na kwetu ukishaingia HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, udaktari ndo umeusahau hivyo, hapo hata ndevu hujaota.

Huku komyuniti koleji General Studies ndo kozi yenyewe, wanakwambia chukua kwanza uandishi wa Kiingereza, hesabu, historia, saikolojia, sayansi moja yenye maabara, halafu ndo uamue. Mi niliingia nikiwa na biashara kichwani, darasa moja tu la sosholojia likanigeuza, na ningekuwa chuo kikuu moja kwa moja huko kugeuka kungenigharimu hela nyingi sana. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo ni kozi ya waliofeli mwache aongee.

Ila kuna mahali niliumia, hapa mnisikilize.

Digrii yenyewe ya miaka miwili, Associate of Arts, kawaida ni krediti 60, yaani alama za uzito wa masomo, na masomo mengi ni krediti 3 kila moja. Ofisini wanakwambia ukichukua 12 kwa semesta wewe ni full-time, mwanafunzi wa muda wote, na ni kweli, hata Pell Grant, ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi, wanakuhesabia hivyo. Sasa piga hesabu, 12 mara semesta 4 ni ngapi? 48! Miaka miwili imekatika na digrii huna, na hakuna aliyekudanganya. Kumaliza kwa wakati ni 15 kwa semesta. Kama unabeba mizigo ghalani usiku kucha usijiue, chukua hizo 12, ila jua mapema kwamba utasoma na kiangazi.

Halafu majina. Associate of Applied Science inafanana kabisa na hiyo ya Arts kwenye karatasi ila imetengenezwa uende kazini, ukihamia chuo kikuu nayo masomo mengine yanaweza kukataliwa. Mimi yangu matatu yalipokelewa kama ya kujazia krediti tu, hayakuhesabiwa kwenye masomo ya lazima, nikayarudia kwa bei ya chuo kikuu, eti kwa sababu niliona aibu kumuuliza mshauri mara mbili.

Na hizi koleji zilianza kwa ajili hiyo hiyo ya kuvuka kwenda chuo kikuu. Joliet Junior College kule Illinois ilianza 1901 na wanafunzi 6, ndani ya sekondari, wasome miaka miwili ya mwanzo nyumbani kwao afu waende mbele. Kwa hiyo anza na chuo unachotaka kuhamia, angalia wanapokea masomo gani, ndo urudi kujisajili.

Haya, nimekuja na laptopu mbili. Wenye green card, kibali cha ukazi wa kudumu, njooni upande huu tujaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, wa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, hela hiyo haiwahusu, nyie tuongee tukishakula.