Kabla ya ngumi, tufundishane kuanguka

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni, ingieni, viti vipo.

Nitasema lile lile la kila mwaka, walionisikia wanivumilie. Mafunzo ya kujilinda hapa mtaani yaanze na kuanguka. Si ngumi, wala si lile teke la kuruka mnaloliona kwenye vibanda vya video.

Kijana mmoja ameshaguna: tumekuja kujifunza kupigana, mzee anatuangusha! Haya, niambie. Mara ya mwisho kupigwa teke na mtu ni lini? Na mara ya mwisho boda kukumwaga? Ehe. Kimya.

Uganda ni nchi ya ngumi, sikatai. Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walituletea medali za Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968. Lakini hata bondia huanguka, tena mbele za watu.

Tazameni mkono wangu. Mtu akiteleza, mkono hutangulia wenyewe, kiganja wazi, kiwiko kimenyooka. Uzito wote unashukia kwenye kifundo, na mfupa unavunjika hapo hapo. Kwenye judo, ule mchezo wa Kijapani wa kuangushana, mwanafunzi anafundishwa kinyume chake, tena kabla hajaruhusiwa kumwangusha mwenzake. Kidevu kifuani, kisogo kisigonge chini. Mgongo uviringe. Toa pumzi. Halafu mkono mzima, si kiganja peke yake, uchape mkeka pembeni ya mwili, pah! Kishindo kinatawanyika, hakikai mahali pamoja. Watoto wanalishika upesi kwa sababu kwao chini si mbali. Sisi wakubwa tunaanza tumechuchumaa, tukishazoea ndiyo tunasimama.

Na jajja, bibi au babu yetu mwenye mifupa dhaifu, je? Huyo hatumwangushi, jamani, msinipeleke polisi! Yeye anafanya mazoezi ya kusimama mguu mmoja ameshika kiti, na ya kuinuka kutoka sakafuni: ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti, asimame. Maana wapo wanaoanguka bila kuvunjika chochote, wakalala pale mpaka wajukuu warudi kutoka shuleni.

Mtasema hatuna ukumbi. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 kule Tokyo, alikuwa na chumba cha hekalu cha mikeka 12. Sisi hapa tuna seremala anayetupa maranda kila jioni. Yajaze ndani ya duara la matairi mabovu, shindilia, vuta turubai juu, kaza kingo. Mkeka huo.

Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Mabinti: ukishikwa mkono, usivutane na vidole vinne vya aliyekushika, chomoa upande wa kidole gumba chake, piga kelele, kimbia. Simu ikikwapuliwa, iache iende. Wanaosema watoto watakuwa wahuni, waje wamwone mtoto anayeinama kumwamkia mwenzake kabla ya kumshika kola. Na wakufunzi: mtoto asifundishwe nyuma ya mlango uliofungwa, mzazi yeyote aingie muda wowote bila kubisha. Hili lilitaka saa yake, nimelinyima.

Sasa vueni viatu, saa na pete. Turubai liko nje, upande wenye kivuli. Wazee watangulie, vijana bebeni viti.